Kompyuta inaishia kwenye kioo cheusi baada ya antivairasi kufuta kirusi. Nipige Windows au kuna njia nyingine?

mama_kopi_moro

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo huku Morogoro, jirani na hosteli za wanachuo. Natoa kopi, nachapa, nafunga vitabu, nawajazia watu fomu za mkopo. Kazi zote zinapita kwenye mashine moja ya mezani, Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, ina Windows 10.

Mwanafunzi mmoja alileta flashi nimchapie sura ya nne ya utafiti wake. Nikachomeka, nikakuta kila faili lake lina kile kimshale kidogo kwenye kona. Ukibofya linafunguka, ila linasitasita kwanza. Nikachapa, akalipa, akaenda zake. Kuanzia hapo kila flashi iliyoingia kwangu inatoka na vimshale. Wateja wakaanza kunirudia wamenuna, mmoja ananiambia nimemwambukiza.

Kijana wangu wa dukani akapakua antivairasi ya bure, ikafanya kazi usiku kucha. Asubuhi tukakuta mistari myekundu mingi, imeandika imefuta vyote, inaomba mashine izimwe na kuwashwa upya. Tukakubali.

Sasa hivi ndivyo inavyofanya. Inawaka, nembo ya Dell inakuja, vidoti vinazunguka, inaomba nywila. Naweka. Inaandika Welcome, halafu kioo kinakuwa cheusi tii. Mshale wa mausi upo na unatembea nikiusogeza, lakini hakuna kitufe cha Start, hakuna picha ya wanangu, hakuna kitu. Nimebonyeza Ctrl+Alt+Del, menyu ya bluu ikaja, nikachagua Task Manager, inanijibu "Task Manager has been disabled by your administrator". Administrator mwenyewe ndiye mimi!

Fundi wa karibu na stendi anasema dawa ni kupiga Windows tu, yaani kuiweka upya, na vilivyoko kwenye desktopu vitakwenda na maji. Kwenye desktopu kuna tasnifu za watu wanaokabidhi wiki hii, na daftari langu la madeni la Excel. Bekapu yangu ilikuwa flashi, na flashi zenyewe ndizo hizo zenye vimshale. Nisaidieni kabla sijampelekea mashine.

dogo_wa_mbezi

Shikamoo mama. Usijisumbue, piga Windows. Saa moja haifiki umerudi kazini. Kirusi kikishaingia hakuna ujanja mwingine, na huyo fundi hajakudanganya. Data za maana siku hizi watu wanaweka Google Drive.

fundi_ngamiani

Dogo, huyu mama ana tasnifu za watu humo ndani, wewe unamwambia habari za Google Drive. Google Drive itamrudishia nini leo?

Mama kopi, pole. Usimpelekee mtu mashine bado. Mimi niko Tanga, kazi yangu ni hizihizi, na mashine za steshenari ndizo zinazonilisha. Kabla sijasema ufanye nini, elewa kwanza mashine yako imekwama wapi, maana "haiwaki" ni magonjwa matatu tofauti na dawa zake haziingiliani.

La kwanza, mashine haifiki hata kwenye nembo ya kampuni. Feni inazunguka, kioo hakina kitu. Hapo mara nyingi kirusi anasingiziwa. Ni RAM, ni pawasaplai, ni vumbi. Ilishatokea kweli virusi kuua chipu ya BIOS, ile inayoiamsha mashine: CIH ya mwaka 1998 ilikuwa inalipuka tarehe 26 Aprili, na mwaka 1999 iliacha mashine nyingi duniani zikiwa mabati matupu. Lakini ile ilikuwa ya zama za Windows 95 na 98, na ukiambiwa leo kwamba "kirusi kimeunguza ubao", mwombe fundi akuonyeshe.

La pili, nembo inakuja halafu yanatokea maandishi meupe kwenye weusi, "Operating System not found", "No bootable device", au kile kioo cha bluu chenye 0xc000000f. Hapo kilichoharibika ni sehemu ya kuanzishia Windows, au diski yenyewe inakata roho. Ndipo penye amri za bootrec, za kukarabati sehemu hiyo, ambazo kila mtu mtandaoni anazo mfukoni.

La tatu ni lako. Umefika penye nywila, mausi inatembea. Hiyo Windows imewaka, mama. Imewaka yote. Kinachokosekana ni explorer, ile programu inayochora desktopu na kitufe cha Start. Mafaili yako yako palepale yalipokuwa.

Sababu yake ni hii. Ndani ya rejistri, lile daftari la mipangilio ya Windows, kuna mstari unaitwa Shell. Umeandikwa jina la programu ya kuitwa mtu akishaingiza nywila, na jina linalotakiwa ni explorer.exe, basi. Kirusi cha aina yako hufuta jina hilo na kuandika la kwake: anaitwa yeye kwanza, kisha yeye ndiye anamwita explorer, ili wewe usishtuke. Antivairasi imekuja, imemuua kirusi, lakini jina lake kwenye mstari imeliacha. Windows inaita, hakuna anayeitika, nayo imetulia inasubiri. Task Manager nayo kaifunga yeyeyule, ili usimwone akifanya kazi.

Nijibu mawili kabla hatujagusa kitu. Ukibonyeza Caps Lock kwenye hicho kioo cheusi, taa ya kibodi inawaka na kuzima? Na diski ina BitLocker, ile kufuli ya diski ya Windows, yaani mashine iliwahi kukuomba namba ndefu kwenye kioo cha bluu wakati wa kuwaka?

mama_kopi_moro

Kaka fundi, asante, moyo umerudi mahali pake. Taa ya Caps Lock inawaka na kuzima vizuri. Namba ndefu sijawahi kuombwa, huwa inaomba nywila tu. Kwenye menyu ya bluu nikichagua Sign out, inanirudisha penye nywila.

wa_likoni

Asalaam aleikum. Mimi nina saiba hapa Mombasa, nimepitia mambo haya. Dada, kuna njia rahisi mno kuliko kuhangaika na mstari mmojammoja. Windows inajiwekea nakala ya rejistri kwenye folda ya RegBack, ndani ya System32\config. Ingia kwenye Command Prompt ya ukarabati (dirisha jeusi la kuandikia amri), nakili yote yaliyo RegBack uyaweke ndani ya config, washa mashine. Niliponya mashine nyingi za saiba hivyo enzi za Windows 7. Na ukiwa hapo piga pia bootrec /fixmbr na /fixboot, hazina madhara.

fundi_ngamiani

Waaleikum salaam, shekhe. Kwenye Windows 7 nakuunga mkono, RegBack iliokoa watu. Lakini mama kopi, HAPO USIGUSE. Kuanzia Windows 10 toleo 1803, la mwaka 2018, Microsoft waliacha kuijaza ile folda. Ukiifungua utaona majina yote yapo, SOFTWARE, SYSTEM, SAM, yamepangwa vizuri kabisa, lakini tazama ukubwa: 0 KB. Ukinakili hewa hiyo juu ya rejistri nzima umetoka kwenye ugonjwa wa tatu umeingia kwenye ule ambao dogo wa Mbezi anautibu. Nimepokea mashine za namna hiyo, mtu kafuata video ya zamani neno kwa neno.

Bootrec nayo tuiache. Mashine inafika penye nywila, kwa hiyo mwanzo wake mzima. Usitibu mguu usiouma.

Sasa fanya kazi, mama. Tafuta diski ya nje au flashi safi, yenye nafasi.

Penye kioo cha nywila, pembeni chini kuna alama ya kuzimia. Shikilia Shift kwenye kibodi, bonyeza alama hiyo, chagua Restart, usiachie Shift mpaka kije kioo cha bluu. Chagua Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Command Prompt. Itaomba jina lako na nywila. Utapata dirisha jeusi lenye X:\ mwanzoni. Hiyo X ni Windows ndogo ya uokozi; Windows yako wewe imelala, na kirusi kama alibaki na mwenzake, naye kalala. Ndiyo maana nakupeleka huku badala ya Safe Mode, ambayo huiamsha Windows yako yenyewe.

Kwanza mali za watu. Andika

notepad

ubonyeze Enter. Ndiyo, Notepad ileile. Nenda File, kisha Open, na chini kulia badilisha "Text Documents" iwe "All Files". Lile dirisha la kufungulia faili lina diski zote. Ingia Users, jina lako, Desktop. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, Copy, halafu nenda kwenye diski ya nje, Paste. Haitaonyesha ule mstari wa kijani wa kunakili, itaonekana imeganda. Iache. Taa ya diski ikitulia, imemaliza. Nakili nyaraka, picha na Excel. Faili lolote linaloishia na .exe, .vbs, .js au .lnk liache humohumo, hata kama jina lake ni "TASNIFU FINAL".

Angalizo: huku uokozini herufi za diski hubadilika. C yako inaweza kuwa D. Ile yenye folda za Windows na Users ndiyo yenyewe.

Ukishamaliza hilo, na ukahakikisha kwenye kompyuta ya jirani kwamba tasnifu zinafunguka, rudi hapa nikupe la pili. Sitaki uende nalo sasa.

mama_kopi_moro

Kaka, Notepad! Nimekaa na kompyuta miaka yote hii sijui kwamba Notepad inaweza kunakili folda. C yangu huko imekuwa D kama ulivyosema. Ilipoganda kijana wangu alitaka kuizima, nikamkamata mkono. Nimepeleka diski kwa jirani, tasnifu zote zinafunguka na picha zake, daftari la madeni lipo. Wenye madeni watasikitika.

Nipe la pili.

fundi_ngamiani

Safi. Kuanzia sasa hata tukiharibu, tunaharibu Windows tu.

Rudi kwenye dirisha lile la X. Weka nakala ya rejistri kabla ya kuigusa, na kwa kuwa diski yako imekuwa D, andika:

copy D:\Windows\System32\config\SOFTWARE D:\SOFTWARE.zamani

Kisha andika regedit. Hapa ndipo wengi wanapotea. Rejistri utakayoiona ikifunguka ni ya hiyo Windows ndogo ya uokozi. Ukiibadilisha, ukizima mashine mabadiliko yote yanayeyuka, halafu unasema fundi mwongo. Ya kwako lazima uipakie. Bofya HKEY_LOCAL_MACHINE mara moja iwe na rangi, nenda File, Load Hive, tafuta D:\Windows\System32\config, chagua SOFTWARE. Itakuomba jina, mimi huandika MGONJWA.

Fungua MGONJWA, Microsoft, Windows NT, CurrentVersion, Winlogon. Upande wa kulia tafuta mistari miwili.

Shell: iwe explorer.exe peke yake. Ukikuta njia ndefu, au explorer.exe ikifuatwa na koma na kitu kingine, niandikie hapa ulichokuta kisha ukifute, uache explorer.exe.

Userinit: iwe C:\Windows\system32\userinit.exe, pamoja na hiyo koma ya mwisho. Hapa herufi ni C hata kama huku unaiona D, kwa sababu Windows yako ikiamka inajiona C.

Halafu bado uko palepale CurrentVersion, angalia Image File Execution Options. Kama ndani yake kuna folda ya explorer.exe yenye mstari wa Debugger, futa mstari huo. Ni mtego mwingine wa watu haohao.

Ukimaliza bofya tena MGONJWA, File, Unload Hive. Usisahau kuishusha.

Task Manager ni ya akaunti yako, si ya mashine nzima. Pakia kwa njia ileile faili la NTUSER.DAT lililo D:\Users\jina lako. Limefichwa, kwa hiyo andika jina lake kwenye nafasi ya File name. Lipe jina MGONJWA2. Ingia Software, Microsoft, Windows, CurrentVersion, Policies, System, ufute DisableTaskMgr. Na humohumo kwenye MGONJWA2 pita Software, Microsoft, Windows NT, CurrentVersion, Winlogon: kama kuna Shell pale, ifute kabisa, kwa kawaida huwa haipo. Shusha, funga, chagua Continue.

mama_kopi_moro

IMEWAKAAA! Picha ya wanangu hii hapa!

Ulitaka nikuandikie nilichokuta. Kwenye Shell palikuwa na C:\Users\Public\svchost.exe. Explorer haikutajwa kabisa. Userinit ilikuwa kama ulivyosema. Ile ya Debugger haikuwepo. DisableTaskMgr ilikuwepo na namba 1, nimeifuta.

Swali: svchost si ni ya Windows yenyewe? Nimeogopa kidogo. Na nikifungua diski ya pili, ile ninayowekea kazi za zamani, kila folda imekuwa na kimshale na ukubwa wa KB moja, lakini diski inasema imejaa.

fundi_ngamiani

Hongera mama.

svchost ya halali ipo, makazi yake ni C:\Windows\System32. Ukiiona Users\Public ujue kavaa sare ya mtu. Hupenda jina hilo kwa sababu hata kwenye mashine isiyo na kirusi zipo nyingi zinazoenda kwa pamoja, hakuna anayezihesabu.

Diski imejaa kwa sababu folda zako zipo, zimefichwa tu. Hivyo vya KB moja ni vimshale vya kirusi vilivyopewa majina ya folda zako, na ukivibofya vinamwamsha kirusi kwanza ndipo vinakufungulia folda halisi. Ndiyo ile sitasita uliyoiona kwa mwanafunzi. Kama diski hiyo ni E, fungua Command Prompt, andika:

E:
del *.lnk
attrib -h -r -s /s /d *.*

Ya pili inafuta vimshale vya juu, ya tatu inavua folda vazi la kufichwa. Zikirudi, kama kati yake utaona faili la .vbs au .js usilolijua, lifute bila kulibofya. Folda isiyo na jina lolote ikitokea, ifungue kwanza kabla ya kuifuta. Kuna virusi vya aina hii vinavyohamishia mafaili yote humo.

Sasa sikiliza jambo ambalo dogo wa Mbezi atalifurahia. Baada ya yote haya, piga Windows.

dogo_wa_mbezi

Sasa si ndicho nilichosema mimi tangu mwanzo 😂

fundi_ngamiani

Ulisema mwanzo. Mimi nasema mwisho. Kati ya hapo tasnifu zimetoka.

Sababu yangu ni kwamba hii mashine imekaa na mtu humo kwa muda usiojulikana, na wateja wanaingizia humo nywila zao za mikopo na baruapepe. Tumeona mlango mmoja aliotumia, sitakuapia kwamba hakuwa na mwingine. Kwa mashine ya nyumbani ya kuangalizia filamu ningesema pitisha Microsoft Defender Offline, ukaguzi wa antivairasi ya Windows unaofanyika Windows ikiwa imelala, angalia, endelea. Kwa steshenari hapana. Futa diski ya Windows yote, weka upya kutoka flashi iliyotengenezwa kwenye kompyuta safi, na faili la Windows lichukuliwe tovuti ya Microsoft, si kwenye flashi ya fundi yenye "aktiveta" ndani. Nywila za baruapepe yako na za biashara zibadilishie kwenye simu, si kwenye mashine hiyo.

Kumbuka pia Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na 7010 ya zamani kama yako haina sifa za kupewa Windows 11. Kuna mpango wao wa kuongezewa muda wa masasisho, uangalie. Kama huna programu zinazodai Windows, Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) na LibreOffice (badala ya Word na Excel) zinachapa na kutoa kopi vizuri tu, na virusi hivi vya vimshale humo havifanyi kitu. Mimi wateja wangu wa steshenari wawili watatu nimewahamishia huko. Walinuna mwanzoni kwa sababu ya fonti. Tasnifu ya Word ikifunguliwa LibreOffice kurasa huweza kuhama, na mwanafunzi hataki kusikia hilo usiku wa kukabidhi. Kwa hiyo njia nzuri zaidi ni mashine mbili: kuukuu yoyote yenye Mint ipokee flashi, ile ya Word ipokee PDF tu.

wa_likoni

Hii ya mashine kuukuu ya kupokea flashi nimeipenda, nina moja inalala chini ya meza. Na RegBack nimeenda kuangalia kwenye mashine zangu, kweli zote ni 0 KB. Shukran.

mama_kopi_moro

Kaka fundi, Mungu akubariki. Vimshale vimefutika, folda zimerudi, nimezikuta mpaka za mwaka juzi. Windows nitapiga Jumapili nikifunga duka. Mashine ya pili kwa sasa sina uwezo nayo. Je, kuna chochote cha kuzuia hivi vimshale kwenye hiyo Windows mpya? Na yule mwanafunzi wa mwanzo amekuja kuchukua sura ya tano, flashi ni ileile.

fundi_ngamiani

Kipo. Vingi vya vimshale vinategemea kitu kinaitwa Windows Script Host, ambacho wewe kwa kazi zako hukihitaji. Ukishapiga Windows, fungua Command Prompt kama administrator uandike mstari huu mmoja:

reg add "HKLM\Software\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f

Kimshale kikibofywa, ile hati yake haitakimbia, utaona kijidirisha kinachosema Windows Script Host imezimwa. Hicho kijidirisha ndicho kengele yako: ukikiona, flashi hiyo ina mtu. Mstari huo hautazuia vile vya .exe, kwa hiyo kwenye View ya folda washa pia "File name extensions" na "Hidden items", uone mikia ya majina na vilivyofichwa.

Mwanafunzi mwambie akutumie sura ya tano kwa baruapepe. Flashi yake mpigie attrib siku ya Jumatatu, na umtoze.